Acha Upana wa Kiganja

Lodwar, Agosti 2013
Jumapili, saa kumi alasiri

Nakiru mama,

Nimeketi nyuma ya kanisa, kwenye ile benchi ambayo mguu wake mmoja ni tofali, kwa sababu nyumbani hakuna pembe ambayo mtu anaweza kuandikia bila mdogo wako Arot kumwuliza anaandika nini. Nimemwambia mama yako ninakwenda kumwona katekista kuhusu mambo ya kwaya. Tangu anijue sijawahi kuimba kwaya. Alinitazama tu, akarudi kukukunjia nguo. Kwa hiyo barua hii imeanza kwa uongo, nakuomba univumilie, maana huko mbele sitadanganya tena.

Kesho asubuhi unapanda gari la Lokichar. Mambo ya sabuni, ya neti ya mbu, ya kutokaa jikoni na wanaume wa kampuni ya mafuta kazi ikiisha, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka mbuzi wa jirani wameyashika. Mimi siongezi. Mimi nataka kukuandikia juu ya nyasi.

Najua umecheka. Wewe na mama yako mmenicheka juu ya nyasi tangu nilipoanza kazi kwa Madam, na mlikuwa na haki. Mturkana aliyezaliwa kwenye mifugo, halafu anavaa gambuti na kumwagilia maji nyasi ambazo mbuzi haruhusiwi hata kuzinusa! Watu walikuwa wanasimama kwenye lango la ile nyumba yake ya wageni na kunisalimu kwa kelele: "Ejok, mzee! Hizi unalimia ng'ombe gani?" Nami nilikuwa najibu, "Ng'ombe wa Madam, hawaonekani kwa macho." Nilicheka pamoja nao. Nikirudi ndani nilikuwa nazipenda zile nyasi kuliko nilivyotaka mtu ajue, na sababu yake sijawahi kukuambia. Sababu yake iko Namoruputh.

Nilikuwa na umri wako, miaka kumi na tisa. Kule kwetu mvua ikiisha wazee walikuwa wanafunga mteremko mmoja wa upande wa milima ya Loima. Kufunga ni neno tu. Hakukuwa na ua wala mlinzi. Wazee wakishasema, mteremko ule hakuna mnyama anayeingia mpaka waseme tena, na wangesema miezi mingi baadaye, wakati kila mahali pengine pameliwa. Nyasi zinasimama pale zenyewe, zinakauka zikiwa wima, zinakuwa za manjano halafu nyeupe. Mgeni akipita anasema hizi zimekufa, zinaharibika bure. Sisi tulijua hayo ndiyo maisha yetu yamesimama pale.

Nami nilikuwa na dume langu, Lomeri, mwenye madoadoa. Pembe zake nilizipinda mimi mwenyewe akiwa ndama, kengele ya shingoni nilimtafutia mimi. Unajua kijana wa kwetu huitwa kwa dume lake, basi mimi nilikuwa Apalomeri, na nilikuwa ninamwimbia nikiwa peke yangu na nikiwa mbele ya wasichana, zaidi mbele ya wasichana. Mwaka ule kulikuwa na ngoma inakuja, na Lomeri alikuwa amekonda kidogo ubavuni. Kidogo tu, mama. Nilitaka ang'ae.

Nikamwingiza kwenye mteremko uliofungwa. Ng'ombe mmoja, asubuhi moja. Nilijiambia hivyo, na ilikuwa kweli: sikumrudisha tena.

Lakini kwato zilibaki kwenye vumbi. Kesho yake jirani yetu alipita akaziona, akasema, "Apalomeri ameingia. Mimi ni nani nibaki nje?" Akaingiza ng'ombe wake. Siku iliyofuata waliingia waliomwona yeye. Haikufika siku kumi mteremko ulikuwa umeliwa mpaka kwenye shina, kisha kwato zikang'oa mashina, na upepo ukabeba udongo uliobaki. Wazee walikuja kukaa kuuzungumzia mteremko ambao haupo. Kisha ukaja ukame wenyewe, ule ambao nyasi zile zilikuwa zimewekewa, na sisi hatukuwa na kitu. Lomeri alikufa mwezi wa mwisho kabla ya mvua. Nilimchuna ngozi mimi. Sikuruhusu mtu mwingine.

Babu yako hakunipiga. Angenipiga labda ningepona. Alikuja akasimama karibu yangu nikiwa na kisu, akatazama ile ngozi ya madoadoa, akaniuliza neno moja tu: "Alishiba?"

Nikamwambia, "Siku ile, ndiyo. Alishiba."

Akaenda zake. Mvua iliyofuata mteremko ule ulitoa miiba. Hivyo ndivyo tulivyofika Lodwar, Nakiru. Siku zote nilikuambia ni ukame, na ukame ulikuwepo, siukatai. Lakini ukame ulikuwa umeandaliwa chakula chake, nami nikampa Lomeri.

Sasa unaelewa kwa nini Madam aliponiambia anataka nyasi za mapambo, nilimwomba arudie. Ilikuwa mwanzo wa mwaka jana, wakati habari za mafuta zilipoanza kuleta wageni na kila mwenye nyumba alitaka ya kwake ipendeze. Alikuwa ameziona mahali, nyasi ndefu zenye mikia laini kama ya paka, zinazoyumba upepo ukipita. Akaniambia niende Kakuma, amesikia kuna mama kwenye kambi ya wakimbizi anazo.

Yule mama ni Nyandeng, mtu wa Sudan Kusini. Nilikuletea mandazi yake, ulisema yana sukari nyingi. Anauza chai, na mbele ya nyumba yake amepanga mikebe ya mafuta ya msaada, na katika kila mkebe kuna kichaka cha nyasi anachokinywesha maji ya kuoshea vyombo. Nilimwuliza kwa nini anafuga nyasi. Alisema kwao kulikuwa na nyasi hadi kifuani, na hapa akifungua mlango anaona mawe. Basi.

Alinifundisha vitu vyote ninavyojua. Baadhi ya nyasi zake zilikuwa kavu kabisa, nikamwuliza mbona hazitupi. Alinicheka. "Wewe naona hii kavu, wewe nasema imekufa," aliniambia. "Hapana. Hii kavu ndio nguo yake. Jua ikikuja, nguo nafunika roho." Akapasua majani kwa vidole akanionyesha katikati, chini kabisa kwenye udongo, mahali palipokuwa bado na weupe wenye unyevu. Hapo ndipo uhai ulipo, alisema. Mvua ikiisha, acha majani yakauke yalipo. Yafunge kiunoni kwa kamba ili upepo usiyavunje. Mikia iache, ndege wanakula mbegu zake. Usikate. Ngoja mpaka uone mawingu yanajikusanya kweli, ndipo ukate, na hata hapo usifike chini. Akasimamisha mkono wake juu ya udongo, vidole vimelala kwa ubavu, kidole gumba juu. "Acha kama hii," alisema. Upana wa kiganja. "Mata gata kulu, akhui." Usikate zote, ndugu yangu.

Mimi, mtoto wa Namoruputh, nilikuwa nafundishwa kambini kitu ambacho babu yangu alikijua bila kukisema. Niliona aibu.

Halafu alinimwagia chai ya pili, akanieleza habari za mwanawe wa kwanza, yule aliyechukuliwa kwenda ng'ambo. Nilisikiliza kwa adabu tu. Kijana alikwenda kusoma. Alipofika akapata kazi, na kambi nzima ikajua namba yake ya simu. "Mimi mwenyewe napatia watu namba," Nyandeng alisema. Huyu ana mgonjwa, yule ana mahari, mwingine anatafuta nauli. Kijana akachukua kazi ya pili, akaacha masomo ili aiweze. Kila mtu alimsifu. Siku moja Nyandeng alipiga, simu haikuita. Akapiga tena kesho. Wakati tunakunywa ile chai ilikuwa imepita miaka miwili. Hakuwa amekufa, watu walimwona huko, anatembea. Alikuwa amebadilisha namba tu. "Mimi nakata yeye mpaka chini," aliniambia, kisha akainuka kumhudumia mteja.

Nilimpa pole. Nikafunga vichaka vyangu vitano kwenye gunia lililolowa maji, nikarudi Lodwar nikiwaza kama vitafika salama. Wewe ulikuwa kidato cha nne wakati huo. Mwalimu wako alikuwa amenisimamisha sokoni kunisifia kichwa chako. Sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo, na sasa nashangaa nilikuwa na akili ya namna gani.

Vile vichaka vitano vilishika. Uliviona. Mvua za mwaka jana zilipoisha nilifanya kama nilivyofundishwa: nikavifunga kamba, nikaviacha vikauke, nikavumilia maneno ya Madam, na mawingu yalipokuja nikakata kwa upana wa kiganja. Viliporudi vilikuwa vinene mara mbili. Nilivigawanya, nikapanda mstari mzima kutoka langoni hadi jikoni. Siku ile mikia ilipotoka nilikuita uje uone ukasema, "Baba, ni poa, lakini haziliwi." Nilifurahi siku nzima.

Sasa nakuja kwenye kitu unachofikiri unakijua. Wewe na mama yako mnaamini kwamba Madam alinifukuza kwa roho mbaya. Mmemlaani sana humu ndani, nami nimekaa kimya nikila ugali wangu. Sivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu jua lilikuwa kali na nyasi zilikuwa zimevaa nguo yake kavu. Madam akapata habari ya wageni wakubwa, watakaa wiki mbili. Akatoka uani akasimama na mkono kiunoni. "Mzee, hii nyasi imekufa. Inaonekana vibaya. Toa yote, halafu umwagie maji mpaka iwe green."

Nilijua, Nakiru. Hakuna mtu Turkana nzima aliyejua kuliko mimi. Nilipaswa kusema, Madam, hizi zimelala, ukizikata leo jua litaingia kwenye roho yake. Angenisikiliza labda. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Lakini nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba anitangulizie mshahara kidogo mwezi ule, nikaona nisimuudhi kwanza. Nikasema, "Sawa, Madam."

Nikachukua slasha nikakata hadi kwenye udongo. Mstari mzima. Nikamwagilia asubuhi na jioni kwa bomba. Na zilitoka, mama! Siku ya sita zilitoa majani mabichi mazuri, wageni wakapiga picha, Madam akanipigia makofi. Wiki mbili zilikuwa za kijani. Kisha wageni wakaondoka, na majani yakaanza kuinama. Nilifukua kwa kidole. Katikati, pale pa weupe, palikuwa peusi na panafuka harufu. Zilikuwa zimetumia kila kitu kwa wale wageni. Mchwa walimaliza vilivyobaki. Madam hakugombana nami, alisema tu kwamba bustani ni usumbufu, akaleta mawe ya kabro, akapanga kuanzia langoni hadi jikoni. Mahali pa kabro hapahitajiki mtu wa maji. Nimeketi nyumbani tangu hapo kwa sababu ya "sawa" yangu mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Barua hii yote ni kwa ajili ya mara ya tatu.

Unakumbuka ulivyonijia mwezi wa saba. Nilikuwa nimekaa kwenye mtungi wa plastiki, sina kazi, nachonga mpini ambao hauna jembe. Barua yako ya chuo cha uuguzi ilikuwa imekuja, parokia imesema italipa karo, kilichobaki ni vitu vya kuingilia na chakula. Ndani hatukuwa na unga. Ukasema, "Baba, nimeongea na rafiki yangu Kristina, kuna kazi ya kufua camp ya Lokichar. Naenda kwanza. Shule haiendi mahali."

Ulinitazama. Nimeirudia hiyo sura yako mara nyingi kiasi kwamba nimeichosha. Ulikuwa unangoja nikatae. Mtoto akisema jambo kubwa hivyo kwa sauti ndogo hivyo, anangoja mzazi akatae. Nami nilikuwa nimekaa wiki tatu pale kwenye mtungi nikiomba Mungu kwamba jambo hilo ulitaje wewe, ili nisiwe mimi niliyelitaja.

Nikasema, "Sawa, mama."

Sauti ile ile. Niliisikia ikitoka.

Mwanangu, nimeogopa. Sijui niandike vipi ili uone jinsi nilivyoogopa. Hujapanda gari bado, na mteremko umeshaingiliwa. Baba yako mdogo Lokol alikuja Alhamisi kutoka ziwani Kalokol. Unafikiri alikuja kukuaga. Alikula, akaninong'oneza nje: "Sasa Nakiru akianza kazi, si atanisaidia na nyavu? Ile yangu imeraruka yote." Sikumlaumu. Nyavu zake zimeraruka kweli, nimeziona. Shangazi yako wa Namoruputh ametuma neno kwamba kuna mtoto wake wa kuingia shule, na unajua anavyokupenda. Nao wote ni watu wetu, na wote wana shida ya kweli. Hakuna mwizi kati yao. Hata yule jirani aliyeingiza ng'ombe siku ya pili hakuwa mwizi.

Na mimi je? Jana nilikuwa nimelala chali natazama paa letu la makuti, na nikajikuta nimeshalibadilisha. Nilikuwa nimeweka mabati. Nilikuwa nimechagua hata upande ambao maji yatateremkia, na pipa la kuyakinga. Kwa mshahara wako, Nakiru. Wa kufua nguo za watu juani. Hujafua hata soksi moja, nami baba yako nimeshaezeka nyumba. Niliinuka nikatoka nje nikatembea hadi mtoni, na nilipofika huko nililia kama mtoto, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Ndipo nikajua kwamba Lomeri wa safari hii ni mimi.

Siwezi kukuzuia usiende. Ningekuwa na kitu ningekuzuia, ningesimama mbele ya gari. Jana tumekula mara moja, ulijua, ndiyo maana ulisema umeshiba ukampa Arot sahani yako. Tunahitaji utume kitu, hilo ni kweli na sitajifanya halipo. Tuma. Lakini usitume zote. Ukipokea, kabla hujapiga simu nyumbani, kabla hujamwambia hata mama yako, weka kando chako, ukifiche mahali ambapo huruma yako haifiki. Huruma yako naijua, uliirithi kwa mama yako. Ukibakiza upana wa kiganja kila mwezi, miezi minne inatosha godoro, sare na chakula cha kuanzia.

Kwa maana nimefanya jambo moja, na hili mama yako hajui. Ijumaa nilivaa lile koti la harusi nikaenda chuoni. Nilikaa kwenye korido mpaka saa nane. Yule mama wa ofisini aliongea Kiingereza kingi, nikamwambia mimi ni mtu wa bustani, anipunguzie. Akacheka akasoma jina lako kwenye orodha yake. Nikamweleza yote, hata habari ya kabro, sijui kwa nini. Akafunga orodha, akasema, "Mzee, tutamshikia nafasi mpaka January. Baada ya hapo hapana, nitapea mtu mwingine." Akaniandikia kwa karatasi yenye mhuri. Nimeikunja ndani ya bahasha hii. Usiiache kwa shati ukifua.

Hiyo ndiyo roho yako, Nakiru, pale chini pa weupe. Januari. Huko Lokichar watu watakuambia mambo mengine, msimamizi atakuambia ubaki, atakuongezea kidogo, na utajiona mtu mkubwa, na nyumbani tutakuwa tunakula mara tatu na kukusifu. Wiki mbili za kijani. Nimeziona zinavyofanana na uzima. Wewe rudi Januari hata kama hapa ni kavu kabisa. Sisi tumekauka mara nyingi, tunajua kukaa wima.

Pale nyumbani, nyuma ya choo, kuna mkebe wa rangi ambao mama yako amesema mara tatu niutupe. Siku moja kabla ya mawe ya kabro nilipita ule mstari nikifukua kila kichaka, na kimoja tu cha mwisho, kile cha kivuli cha jikoni, kilikuwa na weupe mdogo upande mmoja. Nikakikata hapo kwa kisu, nikakileta nimekifunika kwa shati. Mvua za mwaka huu kimetoa mikia saba. Sasa kimekauka, nimekifunga kwa utepe wa ule mfuko wako wa zamani wa shule. Arot nimemwonyesha mahali pa kutia maji ya vyombo, kidogo, mara moja kwa wiki. Sitakikata mpaka mawingu yaje. Ni kitu kimoja tu hapa duniani ambacho naweza kukuahidi bila kujiogopa.

Maana mengine yote najiogopa. Na sasa nakuja kwenye ombi, jua limeshuka na katekista mwenyewe amenipita mara mbili akijiuliza.

Kesho tutakusindikiza wote. Lokol atakuwepo, wazee watakunyunyizia maji na kukutakia njia njema, mama yako atalia. Watanitazama mimi, baba, niseme neno. Nami nitasema, "Usitusahau." Najijua. Nitasimama pale mbele ya watu na tumbo tupu, na hilo ndilo litakalotoka, kwa sababu ndilo baba wote husema, na kwa sababu nitakuwa nalimaanisha. Halafu mwezi wa kumi, au wa kumi na moja, nitakupigia simu. Nitaanza kwa salamu ndefu. Nitakuuliza hali ya hewa ya Lokichar, na ukisikia nauliza hali ya hewa ujue. Kisha nitasema Arot ana homa, na itakuwa kweli. Nitasema unga umeisha. Nitasema chuo hakiendi mahali, mama, subiri mwaka mmoja tu, utuinue kwanza. Nitasema kwa upole, kwa ile sauti unayoipenda, na nitakuwa na sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, kwa maana hata Lomeri alikuwa amekonda kweli.

Siku hiyo toa barua hii uisome. Mtu anayekuandikia sasa ameketi kwenye benchi ya tofali, hajala, na bado anaona vizuri. Huyu ndiye baba yako. Yule wa kwenye simu ni baba yako pia, nakusihi umpende, umsalimie, umwulize habari za miguu yake. Kisha umnyime.

Akikasirika, akikata simu, akikaa kimya mwezi mzima, mwache akasirike. Usibadilishe namba. Hilo tu ndilo siwezi kulibeba, mama. Nikatae kila siku nikipiga, lakini simu iite.

Ni mimi baba yako, yule yule atakayekupigia,

Apalomeri